Namna ya Kumzindua Mnyama wa Maabara kwa Dawa Zinazoziba Vipokezi

Upasuaji ukisha, watu wengi huvua glovu wakaenda kunawa. Nawaomba msiende. Mnyama aliyelala mezani bado yumo mikononi mwenu, na saa zinazofuata zina hatari ambayo wengi hawaihesabu. Uchunguzi mkubwa wa kliniki za mifugo za Uingereza, uliochapishwa 2008, ulionyesha kuwa sungura 1 kati ya 72 alikufa kwa sababu zinazohusiana na nusukaputi, na zaidi ya nusu ya vifo hivyo vilitokea baada ya kazi kumalizika, wakati ambapo kila mtu ameshashusha pumzi.

Kazi yangu ni kuhudumia wanyama wa maabara hapa Mombasa: panya wadogo, panya wakubwa na sungura. Kila mwaka hutujia vijana wa mafunzo, wengine kutoka Kilifi na Kwale, wengine wazaliwa wa hapa hapa Majengo na Tudor, na haipiti wiki kabla hawajaniuliza: "Mwalimu, mbona huyu ameamka kwa sindano moja, na yule amelala mpaka magharibi?" Jibu lake ni refu, ndiyo maana nimeliandika. Kipimo cha dawa utakachompa mnyama wako ni kile alichokiidhinisha daktari wa mifugo anayesimamia mradi. Tarakimu nitakazozitaja ni za kawaida katika kazi hii, ili uelewe unachokisoma kwenye karatasi ya mradi na ushtuke mapema ukiona nukta imekaa pasipo pake.

Vikao vya barazani

Fikiria baraza la mawe nje ya nyumba ya Mji wa Kale. Nafasi za kukaa zinahesabika, na anayekaa ndiye atoaye amri kwa waliomo ndani. Juu ya seli za neva kuna nafasi kama hizo, nazo ndizo vipokezi. Dawa kama medetomidini, deksmedetomidini na zailazini hukaa kwenye vipokezi vinavyoitwa alfa-2. Vipokezi hivyo vimejaa katika kijisehemu kidogo cha shina la ubongo ambacho kazi yake ni kumwaga noradrenalini, kemikali inayomweka mnyama macho. Dawa ikishakaa, amri inayotoka ni moja: acheni kumwaga. Noradrenalini hupungua, na mnyama huzama usingizini.

Lakini alfa-2 haiko ubongoni tu. Iko kwenye uti wa mgongo, ambako dawa hizi huzuia maumivu yasipande. Iko kwenye mishipa ya damu, ambayo hubana, na moyo nao hupiga polepole. Iko kwenye kongosho, ambako hukandamiza insulini, sukari ya damu ikapanda. Na figo hutoa mkojo mwingi, mpaka matandiko yanaloa. Sindano moja imetoa amri nyingi mahali pengi. Kumbuka hilo, kwa sababu sindano ya kuzindua nayo itaziondoa amri zote kwa pamoja, ile unayotaka iondoke na ile ambayo ungependa ibaki.

Dawa inayoziba kipokezi huja ikakaa barazani pale pale, ila haisemi neno. Haiamuru kulala, haiamuru kuamka. Imeshika nafasi tu, na aliyekuwa akitoa amri hapati tena pa kukaa. Ubongo, ukiisha kuachwa bila amri ya kunyamaza, hurudia kumwaga noradrenalini yake wenyewe, na mnyama huamka kwa nguvu zake. Ndiyo sababu napenda neno kuzindua kuliko kuamsha. Mtoto aliyelala huamshwa kwa kutikiswa. Aliyezirai huzinduliwa, kwa kumwondolea kilichomshika.

Mfano huu wa baraza unabeba mambo mawili utakayokutana nayo kila siku. Kwanza, huu ni ushindani wa idadi. Ukiwa umempa dawa nyingi ya kulaza, dawa kidogo ya kuzindua haitashika nafasi za kutosha, na mnyama ataamka nusunusu. Pili, ni suala la nani ataondoka kwanza. Mzibaji akichoka akaenda zake, na wale wa mwanzo bado wamesimama mlangoni, watarudi kukaa. Panya uliyemwona akitembea saa nane mchana, saa tisa unamkuta amelala tena na mwili wa baridi.

Jua umempa nini

Kila dawa ya kulaza ina mpinzani wake, au haina kabisa. Hapa ndipo makosa mengi huzaliwa, basi nitapachukulia muda.

Kwa zailazini, medetomidini na deksmedetomidini, mpinzani wa kwanza ni atipamezoli, dawa iliyotengenezwa Finland. Ubora wake ni kwamba huchagua pa kukaa: hushika alfa-2 mara zipatazo 8,500 zaidi ya inavyoshika alfa-1, kipokezi ndugu yake. Yohimbini, iliyotumika kabla yake na bado hutumika mahali ambapo atipamezoli haipatikani, ina uwiano wa kama 40 tu, kwa hiyo hugusa vipokezi vingine na kuleta mtetemeko na wasiwasi kwa mnyama. Yohimbini imetoka Afrika yetu hii, kwenye ganda la mti wa misitu ya Kamerun na Gabon. Ya tatu ni tolazolini, lakini hiyo utaikuta zaidi kwa ng'ombe na kondoo.

Kwa midazolamu na diazepamu, ambazo hukaa kwenye kipokezi tofauti kabisa, mpinzani ni flumazenili. Kwa fentanili na jamaa zake wa jamii ya afyuni, mpinzani ni naloksoni. Buprenofini ni ya jamii hiyo hiyo, ila yenyewe hung'ang'ania kipokezi kama kombe kwenye mwamba, na naloksoni hupata taabu kuing'oa. Usitegemee.

Ketamini haina mpinzani. Nairudia: ketamini haina mpinzani. Yenyewe ni mzibaji wa kipokezi kinachoitwa NMDA, na mwili huiondoa kwa mwendo wake. Propofoli na pentobabitali nazo hazina. Isoflureni ni hewa, hutoka kwa pumzi mara unapofunga bomba, basi haihitaji sindano.

Sasa chukua mchanganyiko unaotumika sana kwa panya, ketamini na zailazini. Ukimchoma atipamezoli umeondoa zailazini peke yake. Ketamini imebaki. Kama muda wake haujapita, umemwacha mnyama na dawa inayokakamaza misuli bila ile iliyokuwa ikiilegeza.

Nililijifunza hili kwa sungura. Nilikuwa kijana kazini, katika maabara nyingine si hii ya sasa, na kazi iliyopangwa kuchukua dakika arobaini iliisha kwa kumi na tano. Nilifurahi kwamba sungura ataamka mapema, nikamchoma atipamezoli palepale. Haukupita muda miguu ikanyooka kama vijiti, shingo ikavutwa nyuma, macho yamefunguka hayaoni. Alikuwa akitetemeka mwili mzima. Daktari alimpa midazolamu, tukazima taa, tukamfunika kwa kitambaa, tukakaa naye kimya mpaka ketamini ilipopungua. Alipona. Lakini ile sura ya macho yaliyofunguka sijaisahau, na tangu siku ile sitii sindano ya kuzindua mkononi kabla sijaangalia saa ketamini ilipoingia.

Hatua ya kwanza: kabla hujamlaza

Dawa ya kuzindua huandaliwa kabla ya dawa ya kulaza. Mnyama akiacha kupumua katikati ya kazi, huna dakika tano za kutafuta kichupa kabatini na kupiga hesabu mkono ukitetemeka. Iwe imeshavutwa kwenye bomba la sindano, imeandikwa jina, kipimo na namba ya mnyama, imelala upande wa kulia wa meza.

Hakikisha pia kwamba mradi una kibali. Kenya majaribio ya wanyama yako chini ya Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, na dawa kama fentanili zina sheria yake na daftari lake la kutia saini. Kama jina lako halimo kwenye kibali, mkono wako usishike sindano.

Kisha mizani. Mpime mnyama siku ile ile, usichukue uzito wa wiki iliyopita. Panya mdogo wa gramu 25 akikua mpaka 30 ameongezeka asilimia 20, na dozi yake nayo.

Tuje kwenye hesabu, maana hapa ndipo vijana wanapoogopa bure. Atipamezoli kwa kawaida huja kichupani ikiwa miligramu 5 kwa kila mililita, nguvu iliyokusudiwa mbwa. Panya mdogo aliyepewa ketamini na zailazini huzinduliwa kwa kama miligramu 1 kwa kilo. Wa gramu 25 anahitaji miligramu 0.025, na kutoka kichupani hiyo ni mililita 0.005. Hakuna bomba la sindano litakalokupimia kitone hicho kwa uhakika. Inakubidi uzimue.

Vuta mililita 0.1 ya atipamezoli, itie kwenye kichupa safi kilichofungwa, ongeza mililita 4.9 za maji ya chumvi ya dripu. Sasa una miligramu 0.1 kwa kila mililita, na dozi yako imekuwa mililita 0.25 kwa panya wa gramu 25, au mililita 0.1 kwa kila gramu 10. Hiyo unaweza kuipima ukiwa umefumba jicho moja, na hata akiwa wa gramu 22 hesabu inakuja yenyewe: mililita 0.22. Andika tarehe na saa juu ya kichupa, na kilichobaki jioni kimwagwe kwa utaratibu wa maabara.

Wengine hutumia mchanganyiko wa dawa tatu, medetomidini, midazolamu na fentanili, kwa sababu kila mmoja ana mpinzani wake na mnyama anaweza kuzinduliwa kabisa. Kwa panya wadogo vipimo vinavyojulikana ni 0.5, 5 na 0.05 miligramu kwa kilo, kwa mpangilio huo, na wa kuzindua ni atipamezoli 2.5, flumazenili 0.5 na naloksoni 1.2 miligramu kwa kilo. Flumazenili huja ikiwa miligramu 0.1 kwa mililita, na naloksoni 0.4. Kwa panya kumi wa gramu 25, changanya atipamezoli mililita 0.125, flumazenili mililita 1.25, naloksoni mililita 0.75, kisha ongeza maji ya chumvi mililita 0.375 ifike 2.5. Kila panya atapata mililita 0.25, kama kule juu. Nimeupanga hivyo makusudi ili mkono uzoee ujazo mmoja. Mpe mwenzako aipige hesabu upya bila kuangalia karatasi yako, mkilingana ndipo mchanganye.

Sungura hupewa kidogo zaidi kwa kilo, kati ya miligramu 0.25 na 1 ya atipamezoli. Mbwa huhesabiwa kwa kufuata dawa aliyopewa: atipamezoli miligramu tano kwa kila moja ya medetomidini, na kumi kwa kila moja ya deksmedetomidini. Vichupa vya dawa hizo vimetengenezwa kwa nguvu inayofanya ujazo uwe sawa kwa sawa. Paka hupewa nusu ya ujazo huo.

Hatua ya pili: anapokuwa amelala

Andika saa. Saa ya kila sindano, siyo saa ya kuanza kisu. Bila saa huwezi kujua ketamini imebaki kiasi gani.

Paka marhamu machoni mapema. Dawa za alfa-2 humwacha panya macho wazi bila kupepesa, na jicho hukauka na kuota ukungu.

Na joto. Hili nalisema kwa nguvu kwa sababu ya tulipo. Mtu akitoka nje hapa mwezi wa Februari, kaskazi imelala na shati limeganda mgongoni, hawezi kuamini kwamba panya atakufa kwa baridi Mombasa. Lakini chumba cha upasuaji kina kiyoyozi cha nyuzi 21 au 22, na panya mdogo ana ngozi kubwa kulinganisha na mwili wake. Joto linalomfaa bila kujichosha ni karibu nyuzi 30, yaani joto la varandani kwetu. Ukimlaza, ukamnyoa, ukamlowesha kwa spiriti chini ya kiyoyozi, mwili unashuka dakika kwa dakika, na mwili wa baridi huvunja dawa polepole. Halafu unashangaa kwamba ameshindwa kuzinduka ilhali umempa dozi kamili. Mara nyingi dawa haina kosa. Mnyama amepoa.

Mlaze juu ya mto wa joto wenye kipimajoto, nyuzi 37 hivi, na kitambaa katikati. Umeme ukikatika, na hukatika, jaza glovu maji ya moto, ifunge, izungushie kipande cha leso, iweke ubavuni. Ikishaanza kupoa iondoe au uibadilishe, kwa kuwa glovu iliyopoa humnyonya joto badala ya kumpa.

Hatua ya tatu: maumivu kwanza

Kama kuna jambo moja katika mwongozo huu ninalotaka lishike, ni hili. Usimzindue mnyama mwenye kidonda kabla hujampa dawa nyingine ya maumivu.

Nilisema sindano ya kuzindua huondoa amri zote. Medetomidini ilikuwa inalaza na inazuia maumivu. Fentanili ilikuwa inazuia maumivu. Ukiwachoma wapinzani wao, usingizi unaondoka na kinga ya maumivu inaondoka katika dakika zile zile, na panya anafungua macho akiwa na tumbo lililoshonwa na hana chochote cha kumsitiri. Kwa nje utaona ameamka vizuri, yuko macho, anatembea. Mtazame vizuri utaona amejikunja mgongo, macho yamesinyaa, masikio yamelala nyuma, manyoya yamesimama. Huyo anaumia, na sisi ndio tuliomfanya aumie.

Kwa hiyo chagua dawa ya maumivu ambayo mpinzani hataigusa. Meloksikamu au kaprofeni hazikai kwenye alfa-2 wala kwenye vipokezi vya afyuni, basi atipamezoli na naloksoni hazina habari nazo. Panya wadogo hupewa miligramu 5 kwa kilo ya meloksikamu chini ya ngozi, au ya kaprofeni kiasi hicho hicho. Ziingie mapema, ikiwezekana kabla ya kisu, maana huchukua muda kufika. Ganzi ya kupaka au kuchoma kwenye kidonda husaidia sana pia. Kama mradi umepanga buprenofini, iende pamoja na atipamezoli pekee, na naloksoni ikae kabatini.

Hatua ya nne: kuamua kama atazinduliwa, na lini

Si kila mnyama azinduliwe. Kama kazi ilikuwa fupi na mnyama anapumua vizuri, yuko na joto, na kuna mtu wa kukaa naye, kumwacha aamke polepole si dhambi. Mimi huwazindua karibu wote, kwa sababu panya aliyelala masaa mawili anapoteza joto na maji kila dakika, lakini nakiri wapo madaktari ninaowaheshimu wanaopendelea kusubiri.

Kwa mchanganyiko wenye ketamini, subiri. Kwa mbwa na paka huchukuliwa angalau dakika 30 hadi 40 tangu ketamini kuingia. Panya huivunja haraka zaidi, na kwao mimi siangalii saa peke yake: nambana kidole cha mguu kidogo. Akianza kuvuta mguu, na sharubu zinacheza, ketamini imepungua, naweza kuendelea. Akiwa bado amelegea kama kitambaa, nangoja.

Liko na jambo la utafiti wenyewe. Dawa hizi hugusa sukari, moyo, mkojo na tabia. Kama mradi unapima sukari ya damu, zailazini imeipandisha na atipamezoli imeitikisa tena. Wanyama wa kundi la kulinganisha nao wapewe dawa hizo hizo kwa saa zile zile, vinginevyo tofauti mtakayoiona mtaisema ni ya matibabu kumbe ni ya sindano. Mwulize mtafiti kabla, si baada.

Hatua ya tano: sindano yenyewe

Kwa panya, chini ya ngozi ya shingo panatosha. Inua ngozi kwa vidole viwili ifanye hema, ingiza sindano sambamba na mgongo, vuta kidogo uone hakuna damu, sukuma taratibu. Kwa sungura, chini ya ngozi au kwenye msuli.

Usichome kwenye mshipa isipokuwa moyo unasimama na daktari ameamuru. Mishipa ilikuwa imebanwa, na moyo unapiga polepole. Atipamezoli ikifika kwa kishindo, mishipa hufunguka ghafla kabla moyo haujapata kasi, na shinikizo la damu huanguka. Chini ya ngozi mambo huenda kwa mpangilio.

Mwongeze na maji ya chumvi yaliyopashwa joto la mwili, nusu mililita hadi moja kwa panya mdogo, mahali pengine pa mgongo. Kumbuka ule mkojo wote.

Hatua ya sita: kaa umwangalie

Andika saa tena. Kwa kawaida kati ya dakika 5 na 10 utaona dalili, na zinakuja kwa utaratibu unaoweza kuujua kwa moyo. Pumzi huwa ya kwanza, inakuwa ya haraka zaidi. Pua na masikio yanapata rangi, maana mishipa imefunguka. Sharubu zinatikisika. Kichwa kinainuka na kuanguka. Kisha anajigeuza mwenyewe kutoka mgongoni hadi tumboni, na hilo ndilo ninaloliandika daftarini kama saa ya kuzinduka. Kutembea kunafuata, kwanza kwa kuyumba.

Mweke kwenye kizimba peke yake, juu ya karatasi laini au taulo. Unga wa mbao tunaoununua kwa mafundi seremala usitumike kwa wakati huu. Panya aliyelegea huuvuta puani na unamganda machoni juu ya marhamu. Wala usimrudishe kwa wenzake walio macho, watamtafuna masikio. Nusu ya kizimba iwe juu ya mto wa joto na nusu iwe nje, ili akishapata nguvu ajichagulie.

Dakika 15 zikipita bila dalili, usikimbilie dozi ya pili. Mguse: amepoa? Hesabu pumzi. Soma karatasi: je, kulikuwa na dawa isiyo na mpinzani? Hesabu ya kuzimua ilikuwa sawa? Mara tisa kati ya kumi kwetu jibu limekuwa baridi, na tukimpasha joto anaamka na dozi ile ile ya kwanza.

Mnyama mwingine huamka kwa fujo, anarukaruka na kugonga kuta. Zima taa, nyamazeni, msimshike. Dozi kubwa mno ya kuzindua huleta hali hiyo, kwa hiyo liandike daktari alione.

Kama ameacha kupumua, mpangilio ni mwingine: mnyoshe shingo, toa ulimi pembeni, safisha mdomo kwa pamba, mpe oksijeni, kandamiza kifua kwa vidole kwa wepesi, na sindano iliyolala upande wa kulia wa meza iingie sasa hivi bila kungoja saa.

Hatua ya saba: usingizi unaorudi

Flumazenili na naloksoni hukaa barazani muda mfupi. Kwa binadamu, flumazenili hupungua nusu kwa kama saa moja, na kwa panya kila kitu huenda mbio zaidi. Midazolamu nyingi ikiwa bado mwilini, itarudi kukaa. Atipamezoli hudumu vizuri kidogo, lakini mnyama aliyepewa medetomidini nyingi naye anaweza kuzama tena.

Kwa hiyo nimeweka kanuni kwetu ya kumwangalia mnyama kwa masaa manne. Saa ya kwanza, mwangalie kila dakika 10. Baada ya hapo kila nusu saa. Kila ukimwangalia andika neno moja: anatembea, amekaa, amelala. Aliyelala mguse kizimba kidogo. Mnyama wa usingizi wa kawaida atashtuka, aliyerudiwa na dawa hatashtuka. Huyo mrudishe kwenye joto na umwite daktari aamue kuhusu dozi nyingine. Hii ndiyo sababu tunaanza upasuaji asubuhi. Kazi ikianza saa nane mchana, masaa hayo manne yanaishia jioni, na anayewaza foleni ya feri ya Likoni macho yake hayako kizimbani.

Sungura ana shauri lake. Matumbo yake yakisimama hurudi kutembea kwa shida, na dawa za alfa-2 pamoja na afyuni huyasimamisha. Hana haja ya kunyimwa chakula kabla ya kazi, kwani hawezi kutapika. Akishaweza kukaa sawa, mwekee majani makavu na mboga alizozizoea mbele ya pua. Kama mpaka jioni hajala na hujaona kinyesi, usiondoke bila kumweleza daktari.

Ukijichoma mwenyewe kwa bahati mbaya

Medetomidini ya mbwa ikikuingia kidoleni ni jambo la hospitali. Mapigo ya moyo hushuka, kichwa kinakuwa kizito, shinikizo linavurugika. Mwambie mwenzako papo hapo, kaa chini, usiendeshe gari wala pikipiki, nenda na mtu, na ubebe kichupa ili daktari asome jina. Usithubutu kujichoma atipamezoli. Haijaidhinishwa kwa binadamu, na watakaokutibu watakusaidia moyo na pumzi kwa njia zao.

Asubuhi ya pili

Wapime wote uzito kabla ya chai. Panya aliyepoteza kidogo ni kawaida ya upasuaji. Aliyeshuka zaidi ya asilimia 10, au ambaye maji ya chupa yake hayajapungua, au aliyejikunja pembeni mgongo juu, mwite daktari kwanza na umpe dozi ya pili ya dawa ya maumivu kama mradi unavyoelekeza. Kizimba chake kiwekwe rafu ya chini karibu na mlango, ili kila anayepita amwone.